Utulivu hauji kwa mlio wa simu

Haya, leo tuongee kuhusu biashara ya utulivu.

Headspace ilianzishwa mwaka wa 2010, Calm ikafuata mwaka wa 2012. Zote zinakufundisha kuvuta pumzi na kuishi sasa, badala ya kuwaza ya jana na ya kesho. Somo lenyewe ni zuri, tena la kale. Limetoka kwa Wabuddha. Mwaka wa 1979 Jon Kabat-Zinn alilipeleka hospitalini huko Massachusetts, Marekani, akawafundisha wagonjwa wenye maumivu sugu. Nyumbani walifanya mazoezi kwa kanda za kaseti. Kaseti haikuiti. Ikiisha, inanyamaza.

Leo somo hilo limetiwa ndani ya kifaa kilekile kinachotuvuruga. Programu nyingi za aina hii hukukumbusha kwa mlio kwamba hujatulia leo! Hukuhesabia siku ulizofululiza. Ukiruka moja, unarudi sufuri. Jamani, utulivu gani huu wenye daftari la mahudhurio?

Utaniambia kuna watu waliosaidika. Sikatai. Ninachopinga ni kuuziwa dawa huku chanzo cha ugonjwa kikiachwa. Na chanzo nakijua, maana ndiyo kazi yangu: arifa.

Kila mwandishi wa programu anajua prosesa hufanya nini ikikatizwa. Huhifadhi ilipofikia, humhudumia aliyeita, kisha hurudi palepale bila kupoteza hata biti moja. Binadamu hakuumbwa hivyo. Simu ikilia ukimsikiliza mamako, ukirudi kwake unauliza, "Ulikuwa unasemaje?"

Na bado wenzangu katika fani hii wanaunda programu ya kuhariri picha inayolia saa nne usiku. Ina dharura gani? Ujumbe wa M-Pesa nauelewa: pesa zimeingia au zimetoka, lazima ujue. Lakini "hujatutembelea siku tatu"? Huko ni kuombaomba.

Kwa miaka mingi programu za Android zilituma arifa bila kuomba ruhusa. Ilibidi tungoje toleo la 13, mwaka wa 2022, ndipo zikalazimishwa kuuliza kwanza. Kubisha hodi! Jambo ambalo mtoto wa kwetu hufunzwa kabla hajaanza shule.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: programu yenye adabu hunyamaza mpaka iitwe. Wewe unayeandika programu, zitoe arifa zikiwa zimezimwa, anayezitaka ataziwasha. Nawe unayetumia, kabla hujalipia utulivu kila mwezi, ingia kwenye mipangilio ya simu, fungua arifa, zima zote isipokuwa za kupigiwa, za ujumbe wa watu na za pesa. Ni bure. Halafu kaa na mwenzako, umsikilize mpaka amalize anachosema.