Nani Kasema Hifadhi ni za Wazungu?

Juzi, katika kikao cha vijana hapa Tosamaganga, Iringa, ilipendekezwa safari ya kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Manyara kuona chemchemi za Maji Moto. Mzee mmoja anayeheshimika akasimama: "Maji ya moto hata mke wangu anachemsha. Mambo ya hifadhi tuwaachie Wazungu." Ukumbi mzima ukacheka, na safari ikasogezwa hadi mwakani.

Kicheko kile kimeniudhi kuliko kauli yenyewe, kwa sababu waliocheka wamesoma jiografia. Kila aliyepita sekondari amechora Bonde la Ufa: nyufa mbili, ardhi iliyodidimia katikati, maji ya mvua yanayozama chini, yanapashwa joto na miamba, kisha yanapanda tena yakiwa na chumvi na harufu ya kiberiti. Anachora kwa penseli, anapewa alama, anasahau. Manyara mchoro huo umelala wazi. Ukuta wa bonde umesimama magharibi, ziwa la magadi liko miguuni pake, na karibu na ufuko maji yanabubujika yakiwa na joto la kuunguza mkono. Mstaafu wa Milano anapanda ndege kuja kuyatazama. Mtoto wa hapa Kalenga, anayeulizwa jambo hilohilo kwenye mtihani, anaambiwa si saizi yake!

Turudi kwa sufuria ya mzee. Sufuria inataka mkaa, na bei ya mkaa Iringa sote tunaijua. Chemchemi haikokewi moto na mtu. Wakenya waliliona hilo mapema: Olkaria, penye Hifadhi ya Hell's Gate, mvuke wa ardhini unazalisha umeme tangu mwaka 1981. Sisi huku Nyanda za Juu Kusini tuna maji moto ya Songwe, tuna eneo la jotoardhi la Ngozi kule Rungwe, na kampuni ya umma ya jotoardhi iliundwa mwaka 2013. Wahandisi wa kuchimba mvuke huo watatoka wapi, ikiwa vijana wetu wanafundishwa kuucheka? Watakuja wageni, halafu mzee huyohuyo atakuwa wa kwanza kulalamika kwamba tumeibiwa.

Wengine husema hakuna hela. Hela ipo. Ipo kwenye kadi za harusi, send-off na kitchen party zinazogonga mlango kila Jumamosi, na asiyechanga hununiwa mwaka mzima. Tunachangia keki ya mtu tusiyemjua jina la pili, lakini kosta ya vijana ishirini na tano inatushinda. Kiingilio cha Mtanzania hutozwa kwa shilingi, cha mgeni kwa dola, na tofauti yake ni kubwa mno. Serikali imetufungulia mlango, sisi tumekaa kizingitini tukisema nyumba ni ya watu.

Na hiyo "ya Wazungu" imetoka wapi? Kila kukicha magari ya watalii yanakatiza Kalenga kuelekea Ruaha, hifadhi iliyotangazwa mwaka 1964. Kalenga ndipo ilipokuwa ngome ya Chifu Mkwawa, iliyoangushwa na Wajerumani mwaka 1894. Baada ya hapo alipigana porini hadi alipojiua mwaka 1898, na kaburi lake liko Mlambalasi, upande wa njia hiyohiyo ya Ruaha. Babu zetu walilijua pori lile kabla ya ramani ya kwanza ya hifadhi kuchorwa. Leo mjukuu wao anasubiri aelezwe habari zake na mgeni aliyekaa siku tatu. (Na barabara hiyo ya Ruaha, ya kufika Msembe, kilomita 104, imetulisha vumbi miaka yote hii kwa sababu hiyohiyo: tuliamini ni njia ya watalii, tukaacha kuidai.)

Nawaambia walimu wakuu: pelekeni watoto. Anzeni na Songwe kama Manyara ni mbali, lakini mtoto asifanye mtihani wa chemchemi ya maji moto kabla hajasimama kando yake akasikia joto usoni. Na kwa kamati yetu ya vijana: safari irudishwe mwaka huu. Mchango wangu nimeshaukabidhi kwa mhasibu, na sitaki kurudishiwa.