Kamera Chini ya Koti: Picha za Bolton na Haki ya Anayetazamwa

Wapo wenzetu katika taaluma hii wanaoshikilia kwamba picha haisemi uongo, na kwamba mtafiti wa maisha ya watu akishaipata, kazi yake imekwisha. Nadiriki kuipinga kauli hiyo. Nitaipinga kwa mfano wa mbali kidogo: picha za mji wa Bolton, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, zilizopigwa mwaka wa 1937 na 1938.

Mwaka wa 1937, Tom Harrisson, mshairi Charles Madge na mtengenezaji wa filamu Humphrey Jennings waliasisi Mass Observation, shirika lililokusudia kuwachunguza Waingereza wa kawaida jinsi wanaanthropolojia walivyozoea kuwachunguza watu wa ng'ambo. Harrisson mwenyewe alikuwa ametoka kufanya utafiti katika visiwa vya New Hebrides, ambavyo leo ni nchi ya Vanuatu. Aliuteua Bolton, mji wa kusokota pamba, akaupa lakabu ya Worktown, yaani Mji wa Kazi. Msomaji wa Kiafrika atanisamehe nikitabasamu hapa. Jicho lililozoea kututazama sisi lilikuwa limegeuziwa majirani zake, na lakabu juu!

Mpiga picha wao mkuu alikuwa Humphrey Spender, kijana wa London aliyezaliwa mwaka wa 1910. Aliziacha mamia ya picha: nguo zilizoanikwa kwenye kamba zinazovuka vichochoro, watoto wakicheza kwenye viwanja vitupu, wanaume wenye kofia wakinywa bia, wapiga kura wa uchaguzi mdogo wa Farnworth, na wafanyakazi wakipunga upepo wa bahari huko Blackpool. Hamna mfalme wala jemadari humo. Kwa miaka mingi mambo kama hayo hayakuhesabiwa kuwa historia, na hiyo ndiyo fahari ya picha hizi.

Thamani yake imezidi kadiri mji ulivyobadilika. Bolton ndipo Samuel Crompton alipounda mashine yake maarufu ya kusokota nyuzi mwaka wa 1779, na baadaye mji ukasifika kwa nyuzi laini zilizotokana na pamba ya Misri na Sudan. Dohani za viwanda zilijaa angani, na masizi yake yakazitua zile shuka zilizoanikwa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia biashara hiyo ilidorora, viwanda vikafungwa, dohani zikaangushwa moja baada ya nyingine. Fred Dibnah, mwenyeji wa Bolton aliyefariki mwaka wa 2004, alipata umaarufu kwa kazi hiyo hiyo ya kuzikarabati na kuziangusha. Nao mji ukapokea wakazi wapya, wakiwemo Wagujarati waliokuja kufanya kazi viwandani. Baadhi yao walitokea Kenya na Uganda. Anayetaka kujua mji ulikuwaje kabla ya hayo yote hana budi kumrudia Spender.

Hata hivyo, Spender aghalabu aliificha kamera yake ndogo chini ya koti. Hoja yake ilikuwa na mashiko: mtu akijua anapigwa picha hujitengeneza, na maisha ya kila siku hutoweka papo hapo. Wenzake nao walikaa katika baa wakiyanakili mazungumzo ya watu na hata kupima muda ambao mnywaji alichukua kumaliza bilauri ya bia. Matokeo ya kazi hiyo yalichapishwa katika kitabu mwaka wa 1943. Almuradi kila kitu kilinakiliwa, ila idhini. Ndiyo maana katika picha nyingi tuna nyuso tusizozijua majina. Mwanamke aliyeanika shuka zile hatusikii akisema lolote kuhusu masizi, ilhali yeye ndiye aliyezifua.

Spender hakuwa mtu wa kiburi. Baadaye alikiri kwamba alijihisi mgeni kule, mtu wa tabaka jingine na lafudhi nyingine, na kwamba kuwavizia watu hakukumstarehesha. Mimi nauthamini wasiwasi huo wa Spender kuliko uhakika wa Harrisson.

Nasema haya kwa kuwa nina deni. Nilipokuwa nikikusanya nyimbo za kazi kwa ajili ya tasnifu yangu, nilimrekodi bibi mmoja akitwanga, simu ikiwa mfukoni. Niliogopa kwamba nikimwomba ruhusa ataacha kuimba kama aimbavyo akiwa peke yake. Wimbo ulipokwisha niliitoa simu, naye akaiona. Hakukasirika. Aliniuliza tu, "Sauti yangu waipeleka wapi, mjukuu wangu?" Sikuwa na jibu, na hadi leo sidhani kwamba jibu la "chuoni" lingemtosha.

Kuna watakaodai kwamba tukitanguliza ruhusa tutabaki na picha za watu waliokaa wima kama walio studio. Pengine. Lakini ruhusa si lazima itangulie daima. Yaweza kufuata, mradi mtafiti awe tayari kukataliwa na kufuta. Picha za Spender zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Bolton kwenyewe, mahali ambapo mjukuu anaweza kumtambua babu yake na kumtaja kwa jina. Bahati mbaya tu ni kwamba babu mwenyewe hakuulizwa.

Wiki mbili baadaye nilirudi kwa yule bibi, nikamsikilizisha sauti yake. Alicheka sana. Kisha akaniambia niufute ubeti wa pili, kwa kuwa aliukosea akifukuza kuku, akauimba upya.