Kibiti Nayo Ni Somo la Dunia

Wanachuo wenzangu, semina ya migogoro ya kimataifa ikianza, mifano yetu ni ileile: Syria, Gaza, Ukraine. Sawa, tuisome. Ila mbona Kibiti hatuitaji, na ni mwendo wa saa chache tu kwa basi kutoka Dar?

Tukumbushane. Mwaka 2016 na 2017, katika wilaya za Kibiti, Rufiji na Mkuranga, viongozi wa vijiji na vitongoji waliuawa mmoja baada ya mwingine, na polisi pia. Tarehe 13 Aprili 2017 askari 8 waliuawa kwa mkupuo. Wauaji wakaitwa "watu wasiojulikana". Oktoba mwaka huohuo, ng'ambo ya Ruvuma, uasi ukalipuka Mocímboa da Praia, Msumbiji. Novemba, mwandishi wa habari Azory Gwanda, aliyeripoti mauaji ya Kibiti, akatoweka. Hajaonekana tena.

Hapo ndipo utaelewa nguvu ya taarifa kuliko kwenye slaidi yoyote. Taarifa isipokuwepo, uvumi unakalia kiti chake. Kanzu na ndevu zinageuka ushahidi, jirani anamtazama jirani kwa jicho la pembeni. Halafu shehe na mchungaji wanaitwa kuhubiri amani. Watahubiri nini, kama waumini wao hawajui nani aliuawa na nani, na kwa nini?

Kuna watakaosema tunatonesha kidonda. Nakubali, zipo siri za operesheni ambazo hazianikwi. Lakini siri ya operesheni ni kitu kimoja, na kuzika habari nzima ni kingine. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa tunayo tangu 2016. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Kwetu sisi wa ualimu hili si la nadharia. Kesho utapangiwa shule ya delta, Mbwera au Salale. Mtoto aliyekuwa chekechea mwaka 2017 leo yuko sekondari. Akikuuliza darasani ilikuwaje mwenyekiti wa kijiji chao akauawa, utamjibu nini? Utamwambia tufungue ukurasa unaofuata?

Ombi langu kwa serikali ya wanafunzi ni dogo: mdahalo mmoja muhula huu kuhusu Kibiti. Waalikwe viongozi wa dini, waandishi wa habari na wenyeji wa Rufiji. Wenyeji wapewe nafasi ya kwanza kuzungumza, sisi tusikilize.