Guo la Jeneza ni la Wote
Katika msikiti wetu hapa Bariadi limehifadhiwa guo la kufunikia jeneza, lililotariziwa kwa mkono na bibi zetu. Limewasindikiza matajiri na mafukara, kila mara likarejeshwa kabatini. Hivi karibuni wafiwa walikopa fedha wakanunua guo jipya, wakiona haya kutumia hilo kuukuu. Sisi wa kamati tulilijua deni hilo, tukanyamaza; kosa ni letu. Ndugu Waislamu, Mtume Muhammad (S.A.W.) alikafiniwa kwa nguo tatu nyeupe za pamba, pasi na kanzu wala kilemba. Basi sisi wakulima wa pamba tushindane kwa lipi? Tarizi haimwongezei maiti daraja, ilhali deni huwabakia mayatima. Guo limechanika pembeni. Tutalishona, in shaa Allah, liendelee kutusitiri sote.