Sababu Itangulie Kanuni

Mara nyingi mwalimu mwanafunzi anapofundisha sayansi huandika kanuni ubaoni, watoto wakaikariri kwa sauti moja, kengele ikalia. Kwa maoni yetu, kanuni iliyofundishwa bila sababu yake ni jembe lisilo na mpini. Tutatoa mfano mmoja kutoka mbali.

Nchini Marekani wako watu wanaounda ndege ndogo kwa mikono yao wenyewe nyumbani. Baadhi yao hutia humo injini ya Wankel iliyotolewa katika motokaa za Mazda. Injini ya namna hii, ambayo ya kwanza iliwashwa Ujerumani mwaka 1957, haina pistoni. Ndani yake huzunguka rota yenye pembe tatu. Injini inapofanya kazi, gesi kidogo pamoja na mvuke wa maji hupenya kando ya rota na kuingia katika sampu, yaani bakuli la oili. Gesi hiyo isipopata njia, shinikizo huongezeka na oili husukumwa nje kupitia sili. Kwa hiyo huwekwa bomba la kupumulia.

Aliyekariri kwamba injini sharti iwe na bomba hilo ataliweka, mdomo wake akautoa nje ya ndege, akaridhika. Lakini angani kuna baridi: kwa kawaida joto hupungua kadiri ya digrii 6.5 za Sentigredi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Mvuke huweza kuganda mdomoni mwa bomba na kuliziba. Oili ikimwagika, injini hukwama, na rubani angali juu ya miti. Aliyefahamu sababu hutoboa tundu la pili katika bomba lilo hilo, mahali palipo karibu na joto la injini. Mdomo wa nje ukiziba, injini hupumua kwa tundu hilo.

Mwalimu wa shule ya msingi hahitaji injini ili kufundisha jambo hili. Sufuria ya maji yanayochemka yatosha. Awaulize watoto ni nini kinachorusharusha kifuniko. Kisha ashike sahani baridi juu ya mvuke, waone matone. Asithubutu kamwe kukifunga kabisa chombo kinachochemka. Mwishowe awasimulie habari za bomba na barafu, awaulize wangefanyaje, wala asiwajibie upesi.

Wako watakaosema kwamba muhtasari ni mrefu na mtihani umekaribia. Ni kweli. Hata hivyo, mtoto aliyefahamu sababu huweza kuijenga upya kanuni aliyoisahau. Aliyekariri tu, akisahau, hana pa kuanzia.

Basi, walimu wenzetu, tunapoandaa somo na tujiulize: mtoto huyu akikuta bomba limeziba, atajua atoboe wapi?