Uzuri wa Mji Upimwe kwa Kipimo Gani?

Kila mwaka orodha za miji bora duniani hutangazwa katika nchi za Ulaya na Marekani, nayo magazeti ya Afrika Mashariki hayakawii kuzinukuu. Vienna, Copenhagen na Melbourne huonekana kileleni mara kwa mara. Miji ya Afrika aghalabu hujikuta chini kabisa. Kijana wa sekondari azisomapo orodha hizo huamini kwamba uzuri wa mji ni jambo lililokwisha kupimwa na wataalamu, na kwamba mji wake umeufanya mtihani ukashindwa.

Hapana budi kwanza ijulikane orodha za namna hiyo hutumika kwa kazi gani. Zile mashuhuri zaidi hutumiwa na makampuni makubwa kukadiria posho ya watumishi wanaohamishiwa ng'ambo: mji ukiwa na taabu nyingi, posho huongezwa. Kwa hiyo maswali yanayoulizwa ni maswali ya mtumishi huyo. Je, kuna hospitali ya kutegemewa? Shule ya watoto wake? Usalama? Uwanja wa ndege? Maswali hayo si mabaya, na yeyote angependa yajibiwe vizuri. Lakini hayamuulizi mwanafunzi wa Temeke iwapo, akitoka shuleni saa nane mchana kukifuata kituo cha basi, atapata kivuli njiani.

Swali hilo la kivuli laweza kuonekana dogo. Ukweli ni kwamba ndilo linalogusa kiini cha jambo. Mji humvutia mwenyeji, na humvutia mgeni vile vile, kwa mambo yaliyo kwenye kimo cha mtu anayetembea: kivuli au jua, upepo, mahali pa kuketi, na umbali wa kwenda kununua mkate. Na kwa kuwa mwili wa binadamu hauhitaji kitu kile kile chini ya kila anga, haiwezekani kuwapo kipimo kimoja cha uzuri wa miji yote. Mji mzuri ni ule uliolijibu anga lake.

Chukua Mji Mkongwe wa Unguja, ambao uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Wageni huusifu kwa milango yake ya nakshi, na milango hiyo kweli ni kazi ya sanaa. Hata hivyo mgeni akiulizwa kwa nini alizurura humo kwa saa tatu bila kuchoka, jibu halimo katika mlango. Limo katika hesabu ambayo mwanafunzi wa kidato cha tatu aweza kuifanya.

Unguja iko karibu nyuzi 6 kusini ya ikweta, kwa hiyo mwanzoni mwa Machi na tena yapata tarehe 9 Oktoba jua la adhuhuri hupita utosini. Na ufikiriwe uchochoro wa upana wa mita 3, uliolala kaskazini kwa kusini, wenye kuta za kimo cha mita 9 pande zote mbili. Jua linaweza kuigusa ardhi ya uchochoro huo pale tu pembe yake kutoka utosini inapokuwa ndogo kuliko ile ambayo tanjenti yake ni 3 kwa 9. Nayo ni nyuzi 18 na kitu. Jua husafiri nyuzi 15 kwa saa. Maana yake ni kwamba ardhi ya uchochoro hupata jua kwa muda wa saa moja na robo kabla ya adhuhuri, na saa moja na robo baada yake, basi. Saa mbili na nusu kwa siku nzima yenye saa kumi na mbili za mchana.

Sasa na ufikiriwe mtaa wa kisasa wa upana wa mita 20, wenye nyumba za kimo cha mita 4, usio na mti hata mmoja. Tanjenti ni 5, pembe inakaribia nyuzi 79, na jua huigusa ardhi kwa saa kumi na nusu. Mafundi waliojenga Mji Mkongwe hawakuwa na jedwali la tanjenti, lakini jibu walilipata.

Kuna jambo jingine ambalo huwachanganya wanafunzi wengi. Kiwango cha joto kinachosomwa redioni hupimwa kivulini, ndani ya sanduku jeupe lenye matundu ya kupitisha hewa. Nyuzi 32 za redio ni joto la hewa tu. Mtu aliye barabarani hupokea, zaidi ya hilo, mionzi ya jua kutoka juu, na joto linalotolewa na lami na kuta zilizokwisha kupashwa. Hewa ya juani na hewa ya kivulini zaweza kutofautiana kwa nyuzi chache mno, na bado mmoja akatota jasho huku mwenzake akiendelea na mazungumzo. Ndiyo sababu baraza za Mji Mkongwe, zile za mawe zilizo mbele ya nyumba, zina watu. Baraza iliyo juani mchana kutwa hugeuka kuwa ukingo wa ukuta tu.

Haifai, lakini, kuupamba mji huo kupita kiasi. Kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa huhifadhi joto la mchana na kulitoa usiku polepole. Vichochoro hivyo hivyo vinavyozuia jua huzuia pia upepo, na usiku huchelewesha joto kupotelea angani. Boriti za mikoko hazivuki kwa urahisi upana wa mita tatu hivi, na kwa hiyo vyumba ni virefu na vyembamba. Maji ya mvua yakipenya darini, boriti huoza na chokaa hulegea. Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash lililojengwa mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 wakati wa ukarabati, na kukatokea vifo. Jumba lililopigwa picha na kila mgeni halikuwa limetunzwa kwa kadiri ya sifa zake. Hapo ndipo kutembelea na kuishi vinapoachana: mgeni huondoka kabla ya masika, mwenyeji hubaki na ndoo chini ya dari. Na nyumba nyingi zikigeuzwa hoteli, wale walioketi barazani huhamia mbali, na uchochoro uliobaki una kivuli lakini hauna mazungumzo.

Mbali na vichochoro, ipo njia nyingine ya kupata kivuli, nayo yafaa zaidi kwa miji mipya yenye magari: miti. Singapore iko nyuzi moja tu kaskazini ya ikweta, haina milima ya kuipoza, na hewa yake ina unyevu mwingi kuliko hata ya Tanga. Mwaka 1963 Waziri Mkuu wake, Lee Kuan Yew, alianzisha kampeni ya kupanda miti kwa kupanda mmoja kwa mkono wake, na mwaka 1975 ikatungwa sheria ya bustani na miti. Barabara kuu zikapandwa miti yenye matawi mapana yanayokutana juu ya lami. Wengi huenda huko kutazama maghorofa, na hurudi wakisimulia maghorofa. Ni haki yao. Ila maghorofa yapo katika miji mingi isiyopendwa na mtu, na kinachowawezesha watu kutembea Singapore ni miti hiyo.

Mti haufanyi kazi ya mwavuli peke yake. Majani hutoa mvuke, na kila lita moja ya maji igeukapo mvuke huchukua joto la kilojuli 2,400 hivi kutoka katika jani na hewa iliyo jirani. Joto hilo lingetosha kufikisha lita 7 za maji baridi kwenye kiwango cha kuchemka. Mwembe mkubwa hutoa lita nyingi kwa siku, mradi mizizi yake ipate maji. Bati la kituo cha basi laweza kuzuia jua, lakini lenyewe hupata moto na kumwangazia joto aliye chini yake. Mwenye kukata mwembe na kuweka bati hajabadilisha kivuli kwa kivuli.

Wapo watakaosema kwamba miji ya kaskazini imejengwa bila shida hii, na bado inapendwa. Ni kweli, na sababu yake yathibitisha hoja. Copenhagen iko zaidi ya nyuzi 55 kaskazini. Huko mwili hulilia jua. Mwaka 1962 barabara ya Strøget ilifungwa magari. Wenye maduka waliogopa kukosa wateja, na wengine wakadai kwamba watu wa Denmark hawana desturi ya kuketi nje kama Waitalia. Walipopewa mahali pa kuketi, waliketi, tena upande ule wenye jua. Kuuchukua uwanja mpana wa mawe kutoka huko na kuuweka Dar es Salaam ni kumpa mgonjwa dawa ya maradhi ya mwenziwe. Kuta za vioo ni vivyo hivyo: zilizoeleka katika nchi za baridi ambako mwanga wa jua ni neema, na zinapoletwa pwani hulazimu mashine za kupoza hewa ambazo hutupa joto la ndani kumwangukia apitaye nje.

Brasília nayo ni funzo. Ilizinduliwa tarehe 21 Aprili 1960, na ramani ya Lúcio Costa pamoja na majengo ya Oscar Niemeyer yamesifiwa na kila mwanafunzi wa usanifu. Kutoka angani ni mji mzuri ajabu. Kutoka ardhini, mwenda kwa miguu hukuta barabara pana na nyasi zisizo na mwisho, na juu ya nyasi hizo nyayo za watu zimechora njia za vumbi mahali ambapo mchoraji hakuzitazamia.

Nairobi ilipata zawadi ambayo haikuifanyia kazi. Hewa hupoa takriban nyuzi 6 na nusu kwa kila mita 1,000 za kupanda, na mji huo uliozaliwa kama kambi ya reli mwaka 1899 uko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Lakini baridi ya bure haitoshi. Mwaka 1989 palikuwa na mpango wa kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Wangari Maathai, mwanabayolojia aliyepata kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, aliupinga kwa barua na kwa maandamano, akatukanwa hadharani, na mpango ukafa. Miaka kumi baadaye aliutetea msitu wa Karura namna hiyo hiyo. Leo hakuna mkazi wa Nairobi anayeulilia ule mnara usiojengwa, ilhali Karura hujaa watu kila mwisho wa juma. Alipewa Nishani ya Nobel ya Amani mwaka 2004, na bado wapo wanaodhani miti ni shughuli ya akina mama wa vijijini.

Dar es Salaam ilihesabiwa watu wapatao 272,000 mwaka 1967. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 5.3. Mji uliokua mara ishirini katika maisha ya mtu mmoja hauwezi kubaki na vivuli vyake vyote. Ina bahati ya upepo wa bahari, na ina viwanja vya wazi ambavyo vingine asili yake ni chungu: Mnazi Mmoja uliachwa wazi na wakoloni ili kuwatenga Waafrika wa Kariakoo na maeneo mengine ya mji. Nia ilikuwa mbaya, uwanja ni mzuri, na wananchi wameugeuza kuwa wao. Mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza mwaka 2016, yamempunguzia mkazi wa Kimara saa za safari. Hata hivyo kila barabara inapopanuliwa, miti iliyoota kwa miaka arobaini huangushwa kwa siku moja, na hesabu ya mradi huandika gharama ya kuikata, si hasara ya kuikosa.

Hoja ya kwamba watu hufuata kazi, hawafuati kivuli, ina nguvu. Hakuna aliyehamia Dar es Salaam kwa ajili ya mwembe. Lakini akishafika, hutembea. Na wengi wa wakazi wa mji huo hawana gari. Kivuli ni sehemu ya ujira wao usioandikwa popote.

Suala hili lina haraka zaidi Dodoma. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu huko ulifanywa mwaka 1973, na ramani kuu ya 1976 iliwapa kipaumbele wenda kwa miguu na mabasi. Tangu 2016 Serikali imehamia kwa kasi, na mitaa inapimwa sasa. Jengo laweza kubomolewa baada ya miaka hamsini; upana wa mtaa hudumu karne. Mvua ya Dodoma haifikii milimita 600 kwa mwaka, na yote huanguka katika miezi michache, kwa hiyo miti ya huko yataka kuchaguliwa na kumwagiliwa tangu leo, kabla ya lami kufika.

Walimu wa fizikia na jiografia wanaweza kuliingiza jambo hili darasani kwa gharama ndogo. Vipimajoto viwili vifungwe kitambaa cheusi, kimoja kitundikwe juani na kingine chini ya mti, visomwe kila nusu saa kuanzia saa nne hadi saa kumi. Kisha wanafunzi wapelekwe kwenye kituo cha basi kisicho na kivuli, wachore ramani ya mahali abiria wanaposimama. Katika vituo vingi watakuta watu wamejipanga mstari mmoja mwembamba, nyuma ya mwenzake mmoja baada ya mwingine, katika kivuli cha nguzo ya umeme. Upana wa kivuli hicho na upimwe pia.