TAHARIRI: MIKSA YA USHIRIKA



Fedha za chombo cha sauti zimeshakatwa kwenye ufuta wetu, zipo. Sasa maneno yamekuwa mengi. Vijana wanataka miksa kubwa yenye taa kama meli, na wazee wengine wanasema kipaza sauti cha betri kinatosha. Kinatosha nini? Mkutano wa bei msimu uliopita mashine ya kukodi ilikata sauti pale pale makato yalipokuwa yanasomwa. Wa mbele walisikia, wa nyuma hawakusikia, na ugomvi wake mpaka leo haujaisha. Kwa hiyo jambo hili si la harusi tu.

Miksa ndiyo inayopokea maiki zote, fundi mitambo akapandisha hii na kushusha ile, kisha sauti ikaenda kwenye amplifaya na spika. Basi kwanza tuhesabu maiki. Kikundi chetu kina waimbaji watatu, zumari moja na ngoma mbili: maiki 6. Hapo ndipo wauzaji wanapotupiga chenga. Yamaha MG10XU inaitwa ya chaneli 10, lakini maiki zinazoingia ni 4 tu. Zilizobaki ni za kinanda, simu au redio, kushoto na kulia zimehesabiwa kila moja peke yake. Ndugu yake, MG12XU, inapokea maiki 6. Ukifika dukani usiulize chaneli ngapi, hesabu matundu ya maiki kwa kidole.

Tena ile ndogo inatumia adapta ya nje. Adapta ikipotea au ikiungua, nani atakwenda Dar kuitafuta na harusi ni kesho? Ile ya 12 umeme wake uko ndani, inakubali volti 100 hadi 240, nasi umeme wetu tunaujua unavyoshuka jioni.

Vijana wanasema tununue ya kisasa, kama Zoom L-12, ambayo inarekodi kila maiki peke yake kwenye kadi. Ni kweli, na ni nzuri. MG12XU inapeleka kwenye kompyuta sauti iliyokwisha changanywa, ukikosea huwezi kuitenganisha. Lakini bendi zilizorekodiwa Radio Tanzania miaka ya 1970 zilipiga wote pamoja kwa mara moja, na mpaka leo tunazicheza. Nyimbo za mabibi zetu zinataka chumba kimya na mtu anayejua kusikiliza. Na zinataka haraka, maana mabibi hawatungoji.

Maoni yangu: tuchukue MG12XU, mpya, yenye risiti na waranti. Tusichukue ya mtumba, hata ikiwa nusu bei. Hewa ya chumvi ya pwani hii inakula vitelezi, na ya mtumba inakuja imeshaanza kukwaruza. Watakaotumwa waende na maiki yetu na hedfoni, wateleze kila kitelezi na kutikisa kila waya wakisikiliza.

Ikifika, ifunikwe, isilale ghala la samaki. Kuwasha, miksa kwanza, amplifaya mwisho. Kuzima, amplifaya kwanza. Ufunguo ashike mtu mmoja.

Mwenye neno aje Jumamosi baada ya alasiri, ofisi ya ushirika. Jumatatu wajumbe wanapanda basi.

Katibu